Mficha uchi hazai: Mafunzo ya arusi yasimkomee bibi arusi

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mficha uchi hazai. Sidhani kama yupo mwalimu wa Kiswahili nchini ambaye hajaiandika ubaoni, wala mwanafunzi ambaye hajaieleza katika mtihani kwamba maana yake ni kuwa mtu asiyesema shida yake hawezi kusaidiwa. Maelezo hayo ni sahihi na hupewa alama zote. Hata hivyo, methali huwa na maana ya juu kabla ya kuwa na maana ya ndani, na maana ya juu ya methali hii tumeipita mbio. Maneno yenyewe ni ya chumba cha mkunga. Yanamhusu mwanamke anayeona haya hata katika saa ya kujifungua.

Leo nawaomba wasomaji wangu, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wetu, turejee katika chumba hicho. Nataka kuzungumzia mafunzo ya afya ya uzazi kwa wanawake wanaoolewa na, zaidi ya hapo, kwa jamaa wanaowapokea. Kauli yangu ni moja tu: tumezoea kumfunza bibi arusi peke yake, kisha tunampeleka katika nyumba ambamo uamuzi umo mikononi mwa watu ambao hawakufunzwa lolote.

Nianze na nyumba yangu mwenyewe, kwa maana si haki kunyoosha kidole kwa majirani kabla ya kufagia uani mwako.

Nilioa mwaka wa 2008. Kabla ya arusi, wazee walikaa nami jioni tatu mfululizo. Walinieleza habari za mahari, adabu kwa wakwe, subira, na jinsi mwanamume anavyopaswa kuilinda nyumba yake. Kwa upande wa pili, mashangazi wa mchumba wangu walimfunza mapishi, usafi na namna ya kuishi na mavyaa. Nyumba zote mbili ziliridhika kwamba watoto wao wamefundwa wakafundika. Katika mafunzo hayo yote, ya kwangu na ya kwake, halikutajwa neno hata moja kuhusu mimba.

Mwaka uliofuata mke wangu akawa mja mzito. Ilipofika mwezi wa saba alivimba uso na mikono, akawa analalamika kuumwa na kichwa na kuona vimulimuli. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisema kuvimba huko ni dalili ya mtoto wa kiume. Nami niliyekuwa nikitamani mtoto wa kiume nikafurahi. Tulikaa siku mbili. Usiku wa tatu alishikwa na degedege, na jirani mmoja akatushauri tumwite mtu wa kupunga pepo. Tulipofika hospitalini, daktari alitamka maneno matatu ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia maishani mwangu: kifafa cha mimba. Mke wangu alipona. Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kike.

Mke wangu ameniruhusu kuyasimulia haya kwa sharti kwamba nisiiruke sehemu inayonihusu mimi. Sehemu yenyewe ni hii. Kijitabu alichopewa kliniki kilikuwa sandukuni mwetu muda wote huo, na ndani yake dalili za hatari zilikuwa zimeorodheshwa moja baada ya nyingine. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo mama yangu hangeweza kukisoma. Mimi ningeweza. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nikishinda maktabani nikichambua vitenzi, na sikuwahi kukifungua kwa kuwa nilidhani ni kitabu cha wanawake. Mke wangu alikuwa amekisoma. Alisema mara mbili kwamba afadhali aende kliniki. Lakini alikuwa mgeni katika nyumba ile, na mkaza mwana hambishii mavyaa.

Msomaji ataona, basi, kwamba aliyekuwa na elimu hakuwa na sauti, na waliokuwa na sauti hawakuwa na elimu. Hapo ndipo penye tatizo ninalotaka tulitafakari.

Wapo watakaosema kwamba kuyazungumza mambo haya hadharani ni kuiga wageni na kuvunja mila. Nawajibu kwamba mila zetu ziliyazungumza kabla ya hospitali kujengwa. Huko Mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, mwari alikuwa na somo wake au kungwi wake, mwanamke mtu mzima aliyemweleza habari za mwili bila kupepesa macho. Miongoni mwa Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee, na huyo ndiye aliyewafumbulia mafumbo ya utu uzima. Katika jamii nyingi za bara, kazi hiyo ilikuwa ya nyanya na shangazi. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mnamo 1858, akiwa mgonjwa, alikuwa akimwachia binti yake mawaidha ya kuishi katika ndoa. Kumfunza mwanamwali si desturi ya kuazimwa.

Sisemi kwamba turudi nyuma tuyabebe yote. La hasha! Katika baadhi ya jamii zetu mafunzo hayo yaliandamana na ukeketaji, ambao sheria ya 2011 iliupiga marufuku, na ilifanya vyema. Isitoshe, mafunzo ya kale yenyewe yalikuwa na upungufu mmoja mkubwa: karibu mzigo wote wa uzazi aliwekewa mwanamke. Kijana wa kiume alifunzwa ushujaa na ustahimilivu, ila hakuambiwa afanye nini mkewe akitokwa na damu usiku wa manane. Nasi warithi wa mila hizo tumefanya ajabu jingine. Yale yenye manufaa tumeyaacha, upungufu tukaubakisha. Somo amegeuka mpambe wa sherehe, mashangazi wanaletea sufuria na mashuka, watu wanacheka na kupiga vigelegele, kisha bibi arusi anakwenda zake akijua kupika biriani na asijue kuhesabu siku zake za hedhi.

Tuangalie hali ilivyo nchini. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba, kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 355 hufariki kutokana na uzazi. Wakati huohuo, uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 89 katika kila 100 walizaliwa kwa msaada wa mhudumu aliyehitimu, ilhali katika uchunguzi wa 2014 walikuwa 62. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini kufika kwa mhudumu ni jambo moja, na kufika mapema ni jambo jingine.

Mnamo 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama hupotea kwa sababu ya kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika kwenye matibabu, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kuchelewa kwa pili ni habari ya barabara na nauli. Kwa tatu ni habari ya damu, dawa na wauguzi, na hapo serikali haina pa kujificha, kwa kuwa kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kimetaja huduma za afya ya uzazi kuwa haki ya kila mtu. Lakini kuchelewa kwa kwanza hutokea sebuleni. Hakuna waziri wala gavana atakayekuja kutuamulia humo.

Mimi ni mtu wa lugha, na nitakuwa nimeukwepa wajibu wangu nisiposema kidogo kuhusu maneno tunayoyatumia majumbani. Chukua vitenzi kutoka na kutoa, au kuharibika na kuharibu. Mimba ikitoka au ikiharibika, ni msiba uliomfika mama. Akiitoa au akiiharibu, ni tendo lake. Kinachotenganisha msiba na shutuma hapa ni sauti moja au mbili tu. Hata hivyo, mara ngapi tumewasikia mawifi wakinong'ona kwamba fulani “ameharibu mimba”, ilhali maskini huyo hakuharibu chochote? Sababu kubwa ya mimba kutoka katika miezi mitatu ya mwanzo ni hitilafu ya kromosomu katika kiinitete chenyewe. Haihusiani na kijicho cha jirani wala na laana ya ukoo. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi ana mfano wa kutosha hapo, na mfano huo utakumbukwa kuliko kupiga, kupigwa na kupigika.

Aidha, litazame neno tasa. Tumelibandika mwanamke kana kwamba mume hana sehemu katika jambo hilo. Wataalamu huwahesabu wawili kuwa na tatizo la kupata mtoto ikiwa wamekaa miezi 12 wakikutana kama kawaida bila kinga na mimba isipatikane. Hapo wote wawili hupaswa kupimwa, kwa sababu katika takriban nusu ya ndoa za namna hiyo kasoro huwa pia kwa mwanamume. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka wa 2023 kwamba mtu mmoja kati ya kila sita hukumbwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Ni wake wangapi wamerudishwa kwao, au wakaletewa mke mwenza, kabla ya mume kukanyaga maabara?

Vivyo hivyo kwa yule anayelaumiwa kwamba “anazaa wasichana tu”. Yai la mama hubeba kromosomu ya X peke yake. Mbegu ya baba ndiyo inayobeba ama X ama Y, na ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Mwanafunzi wa kidato cha nne ameyasoma haya katika somo la biolojia, lakini akirejea nyumbani huyaacha mlangoni pamoja na viatu vya shule.

Kisha kuna kupanga uzazi, kuzuia mimba na kufunga uzazi. Haya ni mambo matatu, lakini mitaani hutajwa kama jambo moja. Bibi arusi akisikia kwamba sindano “inafunga kizazi”, atahofu kuwa hatazaa tena, na mavyaa atahofu zaidi yake. Ukweli ni kwamba vidonge, sindano, kijiti cha mkononi, koili na kondomu ni njia za muda, na mwanamke akiziacha anaweza kushika mimba, ingawa baada ya sindano huenda ikachukua miezi kadhaa. Kufunga uzazi ni upasuaji, na hukusudiwa kuwa wa kudumu. Uchunguzi ule wa 2022 ulionyesha kwamba wanawake 14 katika kila 100 walioolewa walihitaji kupanga uzazi lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote. Siwezi kudai kwamba kosa lote ni la maneno, ila najua kwamba mtu haombi kitu ambacho jina lake linamtisha.

Msomaji atauliza: je, jamaa hao wafunzwe nini hasa? Si lazima tuwageuze madaktari. Mambo machache yatatosha kuanzia.

La kwanza ni damu. Kabla ya posa, wazee huchunguza ukoo wa mchumba hadi kizazi cha nne, wakiuliza kama kuna wachawi au wezi, ila hawaulizi kuhusu ugonjwa wa selimundu, ambao umeenea hasa katika maeneo ya Ziwa Viktoria, magharibi na Pwani. Ikiwa wachumba wote wawili wana chembe ya kurithi ya ugonjwa huo, hata kama wao wenyewe ni wazima, kila mimba huwa na uwezekano wa moja kwa nne kumpata mtoto mgonjwa. Kipimo chake ni cha damu tu. Kadhalika virusi vya Ukimwi na kaswende: wapimwe wote wawili, asipelekwe mke peke yake kana kwamba yeye ndiye mshukiwa.

La pili ni maandalizi. Mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kumeza asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kabla ya mimba na katika majuma 12 ya mwanzo. Sababu yake ni kwamba mfereji ambao huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya majuma manne ya kwanza, wakati ambapo mama wengi hata hawajajua kuwa ni waja wazito. Halafu kliniki. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza mama aonwe mara nane au zaidi, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kupita. Desturi ya kuificha mimba hadi ijionyeshe yenyewe inagongana moja kwa moja na ushauri huo.

La tatu ni dalili za hatari, nazo zinapaswa kujulikana na kila mtu nyumbani, hata kijana anayetumwa dukani. Kutokwa na damu. Kuumwa na kichwa kusikokoma. Kuona kiwi au vimulimuli. Kuvimba uso na mikono. Degedege. Homa kali. Chupa kupasuka kabla ya wakati. Mtoto kupunguza kucheza tumboni. Moja ya hizi ikitokea, hakuna kungoja kikao wala kungoja mume arudi safari. Ni hospitali, saa hiyo hiyo. Nyumba iwe imeshaamua mapema nauli itatoka wapi, gari ni la nani, na nani yuko tayari kutoa damu.

La nne ni nafasi baina ya watoto. Mama aliyejifungua hushauriwa kukaa angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mavyaa anayeuliza “mbona kimya?” mtoto akiwa bado ananyonya hana nia mbaya, ila hajui hatari anayomwitia mkaza mwana wake. Na mume naye aambiwe wazi kwamba ndoa haimpokonyi mke haki ya kusema kuwa leo hajisikii.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Itasemwa kwamba maneno kama haya huwaharibu vijana. Lakini hapa nazungumza juu ya watu wanaooana, na sheria ya ndoa ya 2014 haimruhusu mtu kuoa wala kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ikiwa watu wazima wanaopewa baraka na padri au sheikh hawastahili kuambiwa habari za uzazi, basi ni nani anayestahili? Itasemwa pia kwamba wazee hawawezi kukaa kusikiliza mambo ya wanawake. Mimi nilidhani hivyo hivyo, na nimekwisha kuwaeleza nililipa nini.

Kwa hivyo nina maombi matatu.

Kwanza, kwa viongozi wa dini. Makanisa mengi huwa na mafunzo ya wachumba kabla ya kufunga ndoa, na misikitini hutolewa mawaidha ya nikahi. Mwalikeni muuguzi kwa jioni moja, na siku hiyo wazazi wa pande zote mbili waje pamoja na wachumba. Wako pia wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, ambao kazi yao ilizinduliwa rasmi mwezi wa Septemba 2023. Hao huingia majumbani. Wakiingia, wasimtafute mke jikoni peke yake. Wamwite na mwenye nyumba.

Pili, kwa walimu wa Kiswahili na wenzangu wa vyuo vikuu. Tumeunda istilahi za fonolojia na sintaksia hadi tukaridhika nafsi zetu, nami ni mmoja wa walioridhika. Hebu tuwaulize wanafunzi wetu, wakati wa likizo, wakusanye kwa nyanya zao maneno yanayotumiwa nyumbani kwa degedege, kwa kuvimba, kwa kutokwa na damu, kwa Kiswahili na kwa lugha zao za mama. Maneno hayo yapelekwe kwa muuguzi yasahihishwe, yaandikwe kwenye karatasi moja, yabandikwe katika zahanati. Hiyo itakuwa isimu yenye kazi.

Tatu, kwa walimu wote kama wanajamii. Tunajua kwamba ukoo ukienda posa au kulipa mahari, mara nyingi mwalimu ndiye anayefanywa msemaji. Nafasi hiyo tunaitumia kunena kwa mafumbo na kupigiwa makofi. Tuitumie pia kuomba nusu saa.

Nimejaribu mwenyewe. Mwaka wa 2023 nilikuwa msemaji wa ukoo wetu tulipokwenda kumposea mpwa wangu. Baada ya mahari kuafikiwa, niliomba muuguzi mmoja tuliyefuatana naye apewe nafasi azungumze na wote waliokuwapo. Mzee mmoja alichukua bakora yake akatoka nje. Wengine walicheka, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kusikiliza. Alipomaliza, mama wa bwana arusi, ambaye ni dada yangu, alinyosha mkono. Aliuliza kama ni kweli kwamba mja mzito akivimba uso huwa amebeba mtoto wa kiume.

Muuguzi alimjibu kwa heshima, na jibu lenyewe halikuchukua hata dakika mbili. Dada yangu akatikisa kichwa, akasema kwamba hayo ndiyo waliyoambiwa na mama yetu. Mpwa wangu na mkewe wamekwisha kupata mtoto, na aliyempeleka mkaza mwana kliniki mara ya kwanza, kabla hata ya mumewe kufikiria, ni dada yangu huyo.

Walimu wenzangu, tutakapoiandika tena ubaoni methali ile, tuwaeleze wanafunzi maana zake zote mbili. Nasi tujiulize ni nani hasa anayeficha uchi katika nyumba zetu: ni bibi arusi mwenye haya, au ni sisi tunaomzunguka tukijidai hatuoni?